Pande la Barafu Kwenye Gunia la Pamba

Harufu ya mafuta ya taa ikinipiga puani, mimi husikia baridi. Wenzangu wengi huwakumbusha kibatari na moshi. Mimi meno hunigongana. Nitawaeleza sababu, ila msimwambie mwalimu wetu wa fizikia, maana naye yumo.

Ilikuwa muhula uliopita, kidato cha tatu, kwenye chumba tunachokiita maabara kwa heshima tu. Kina meza mbili, fuvu la panya ambalo hakuna anayejua lilifikaje, na kipimajoto kimoja kinacholindwa kuliko binti wa mchungaji. Mwalimu aliingia na chupa ya chai ambayo ndani yake hamkuwa na chai. Akamimina vipande vya barafu kwenye kisufuria, akakiweka juu ya jiko la utambi, akachomeka kipimajoto, halafu akaniita mimi nikisome. Anaamini kwamba nikipewa kazi nakosa nafasi ya kuchekesha watu. Ana haki ya kuamini anachotaka.

Nikasoma: sifuri. Jiko linawaka, chumba kinanuka mafuta, barafu inapungua, maji yanaongezeka, na ule uzi wa zebaki umelala palepale kama mlinzi wa ghala.

"Joto linaenda wapi?" mwalimu akauliza.

"Limepanga foleni, mwalimu."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. "Linafanya kazi ya kuyeyusha kwanza. Mpaka kipande cha mwisho kiishe, hapandi mtu hapo."

Kweli, kipande cha mwisho kilipoisha, uzi ukaamka. Ukapanda polepole, maji yakaanza kuimba, yakatoa vipovu vidogo, kisha yakachemka mpaka kisufuria kikacheza. Uzi ukasimama tena. Mwalimu akapandisha utambi. Mvuke ukazidi, jasho likanitoka, uzi haukusogea.

"Tisini na sita, mwalimu."

"Soma vizuri."

"Tisini na sita."

Akaja mwenyewe, akainama, akakigonga kile kioo kwa ukucha. "Hiki kimechoka," akasema. "Andikeni mia moja."

Darasa zima likaandika mia moja. Kalamu yangu ikasimama hewani. Mnaonijua mtadhani nilikuwa natafuta utani wa kusema. Hapana. Nilikuwa namwona bibi yangu, Bibi Kabula, amesimama uani kwake mchana wa jua kali, kiganja chake kinadondosha maji, na watu wazima wote wanamwomba aseme neno moja jepesi.

Nilikuwa na miaka kumi wakati huo, nasoma Bariadi mjini na kukaa kwa Shangazi Minza, dada yake baba. Ndiyo miaka biashara ilikuwa imefunguliwa. Maduka ambayo mimi niliyajua kwa kibiriti na sabuni ya mche yalianza kujaa vitu hadi kwenye baraza, na kila mtu mwenye mtaji wa kuku wawili akawa mfanyabiashara. Shangazi naye hakubaki nyuma. Alikwenda Mwanza akarudi juu ya lori, amelikumbatia friji la mtumba kama mgonjwa aliyetolewa hospitali. Lilikuwa jeupe, limebonyea ubavuni, na halikuhitaji umeme. Lilitumia mafuta ya taa.

Hapo ndipo akili yangu ilipoharibika. Chini ya lile friji kulikuwa na kitangi cha mafuta na utambi. Unawasha moto chini, na juu maji yanaganda. Nililala kifudifudi wiki nzima nikiuchungulia ule mwali wa buluu, nikitafuta mahali baridi inapotokea. Nilinusa, nikapeleka kidole, nikaungua. Moto ulikuwa moto kama mwingine wowote. Nikafungua mlango wa juu, na bakuli la maji niliyochota mwenyewe kisimani lilikuwa gumu kama sakafu. Shangazi alinifukuza kwa kitambaa cha kufutia meza. Yeye alikuwa anagandisha juisi ya ukwaju kwenye vifuko vya nailoni na kuwauzia wanafunzi. Mambo ya kushangaa aliniachia mimi.

Jumamosi ikifika nilikuwa naazima baiskeli ya shangazi na kwenda kwa Bibi Kabula kijijini, mwendo wa saa moja na nusu kwa mtoto anayeendesha kwa kupitisha mguu katikati ya fremu. Bibi alikuwa mkulima wa pamba, na pamba yake ilikuwa na jina. Enzi ambazo ushirika ulikuwa unanunua peke yake, karani alikuwa akifungua gunia la Bibi na kuwaambia wengine, "Njooni muone pamba." Hamkuwa na jani, hamkuwa na kikonyo. Ile yenye madoa, ambayo sisi tunaiita fifi na bei yake ni ya chini, aliitenga pembeni kama mtu anayetenga mchele na mawe. Kina mama wa kijiji walichumiana kwa zamu: leo shambani kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye shamba anapika.

Siku niliyowasimulia habari za friji walikuwa kwenye mkeka uani kwa Bibi, wanachambua.

"Shangazi anawasha moto," nikawaambia, "na maji yanakuwa jiwe."

Mama Holo, jirani wa Bibi, mama mwenye kicheko cha kufukuza ndege, aliweka pamba chini ili acheke vizuri. "Na ukilianika hilo jiwe juani, Maduhu, linakuwa maziwa?"

"Linakuwa maji."

"Huyu mtoto."

Siwalaumu. Wiki mbili kabla nilikuwa nimewaambia kwamba mjini kuna mbuzi anayelipa kodi, na mmoja wao alikuwa amekwenda kuulizia. Sifa yangu kijijini pale ilikuwa imeshaandikwa kwa wino usiofutika. Hata kama ningewaambia kwamba jua limetoka, wangetoa kichwa nje kuhakikisha.

Bibi peke yake hakucheka. Aliendelea kuchambua, vidole vinakwenda bila yeye kuviangalia. "Umeliona kwa macho yako?"

"Nimelishika, Bibi."

"Basi lipo." Akawageukia wenzake. "Jumamosi ijayo mnachuma kwangu. Atalileta, mtaliona."

"Kabula," akasema Mama Holo, "na wewe umerudi utotoni?"

"Mtaliona," akasema Bibi.

Nilirudi mjini na mzigo kichwani mzito kuliko wote niliowahi kubeba. Nilikuwa mwongo kwa starehe, sikuwahi kuwa na mtu aliyesimama kunidhamini. Nikaanza kuhesabu njia: saa moja na nusu, jua la kiangazi, na bakuli moja la maji magumu. Aliyeniokoa ni mchuuzi wa samaki kutoka Lamadi, aliyekuwa akipumzika barazani kwa shangazi kila akipita. Watu wa ziwani barafu wanaijua.

"Lifunike," akaniambia. "Lifunike kama mgonjwa wa homa."

"Blanketi si litaliyeyusha?"

"Blanketi lina joto la kwake? Liache kitandani peke yake, urudi asubuhi ulishike. Joto ni lako, mjomba. Blanketi ni mlango tu. Linafunga wa ndani asitoke, na wa nje asiingie."

Sikuelewa, lakini nilitii, jambo ambalo halinitokei mara nyingi. Asubuhi ya Jumamosi nilipasua mto wangu wa kulalia, ambao kama mito yote ya kwetu ulijazwa pamba, nikalitia pande la barafu ndani ya mfuko wa nailoni, nikalizika katikati ya mto, nikashona kwa mishono ambayo hata kipofu angeicheka, nikaufunga kwenye keria ya baiskeli. Nilikanyaga kama nafukuzwa. Baada ya nusu saa nikaanza kuhisi tone kwenye shavu la mguu, halafu la pili. Waya wa keria ulikuwa umeutoboa mfuko.

Nilipofika, uani hapakuwa na mtu. Wote walikuwa shambani. Nikaufumua ule mto, umelowa nusu nzima. Pande lililotoka mjini na ukubwa wa bakuli lilikuwa limebaki kama ngumi. Bado lilikuwa zuri, jeupe katikati, angavu pembeni. Kutoka pale hadi shambani ni mwendo wa robo saa, na kurudi robo saa. Nikaona kwamba nisipopata pamba kavu upesi, Bibi ataonyeshwa maji ya kunawa.

Na pamba kavu ilikuwapo. Magunia matano ya mchumo uliopita yalikuwa yameegemezwa ukutani barazani, tayari kuuzwa. Nikafungua lililo karibu, nikasukuma pande langu ndani mpaka kiwiko, nikalifunika kama mgonjwa wa homa. Nilijisikia msomi. Halafu nikakimbia shambani kuwaita.

Sasa, msimu ule ulikuwa wa mambo mapya. Ushirika haukuwa tena mnunuzi peke yake. Mtu yeyote mwenye kibali na mizani aliruhusiwa, na wanunuzi walitufuata mpaka majumbani kama wachumba. Tuliporudi kutoka shambani, mimi mbele, Bibi nyuma yangu, na kina mama saba wenye vitenge vilivyojaa pamba, tulikuta gari dogo limesimama chini ya mwarobaini na mizani imeshaning'inizwa kwenye tawi. Karani, kijana mwembamba mwenye daftari kwapani, akasimama kwa adabu.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila," akajibu Bibi, salamu ya mchana ya kwetu, ambako mayu ni mama, na akamwambia akae. Karani alisema ana haraka, achukue tu yaliyo tayari. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshalifikia gunia la kwanza na kutumbukiza mkono, kama walivyofanya makarani wote. Msimu ule ilishajulikana kwamba kuna watu wanaotia mawe katikati ya pamba ili mizani iseme zaidi, na wengine wanaonyunyiza maji. Walitajwa kwa majina. Bibi hakuwahi kuwa mmoja wao.

Uso wa karani ukabadilika. Mkono ukatoka taratibu, umeshika kitu kinachong'aa, kilichoota nywele nyeupe za pamba kama kichwa cha mzee.

Nami nikacheka.

Nataka mnielewe hapo. Karani alikuwa amechomoa jiwe lenye mvi, ameling'ang'ania kwa ncha za vidole na macho yamemtoka. Lilikuwa jambo la kuchekesha kuliko yote niliyowahi kutunga, na hili sikulitunga. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipopata pumzi nikagundua kwamba nacheka peke yangu.

"Jiwe," akasema Mama Holo, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

"Si jiwe," nikasema. "Ndiyo barafu yenyewe. Nimeiweka mimi."

"Nyamaza, wewe."

Karani alikuwa amelitupa kwenye mkeka, baridi imemuuma. Bibi akainama akaliokota. Akalifunga kiganjani. Tuliona mkono wake ukishtuka mara moja, lakini hakuliachia. Maji yakaanza kupita kati ya vidole, yakatiririka hadi kwenye kiwiko, yakadondoka mavumbini. Alisimama vile kwa muda mrefu, anatazama mbele. Alipofungua kiganja palikuwa na kipande kama punje ya haragwe. Kikaisha nacho. Walioona hawakuwa na jina la walichokiona, na waliokuwa nyuma waliona mkono mtupu.

Karani akamsogelea Bibi, akasema kwa sauti ya chini. Nilikuwa nimekaa miguuni pao, nikasikia yote.

"Mayu, mimi natoka Shinyanga mjini. Najua nilichoshika. Lakini nina maagizo. Nikikuta jiwe, nalitoa, natupa, tunapima, pamba inabaki daraja la kwanza. Nikikuta maji, magunia yote ya nyumba hiyo yanaandikwa fifi. Yote matano. Sasa mimi nimeona jiwe. Mtoto mtundu ametia jiwe. Mpe viboko viwili hapa watu waone, tupime, niende. Wewe umeona nini?"

Alikuwa mtu mwema yule karani. Mpaka leo nasema hivyo.

"Sema jiwe, Kabula," akasema Mama Holo, ambaye naye masikio yake hayakuwa mbali.

Mimi nilishapiga hesabu zangu. Viboko viwili kwangu ilikuwa kifungua kinywa. Nikasimama, nikajifuta vumbi matakoni, nikajitolea. "Ni jiwe, Bibi. Nilikuwa natania."

Bibi akanitazama. "Wiki iliyopita ulisema umelishika, ni maji."

"Nilikuwa natania."

"Na mimi nimelishika sasa hivi. Natania?"

Akamgeukia karani, akamwonyesha kiganja kilicholowa, chekundu kwa baridi. "Ni maji. Andika."

"Mayu, fikiri."

"Andika, baba, una haraka."

Karani akaandika. Alipima magunia matano ya pamba nyeupe kuliko soksi zake, na kila moja akaliita fifi. Bibi alimsaidia kuyashika yasiyumbe kwenye mizani. Gari lilipoondoka akaweka chungu motoni, akawapikia wachumaji ugali na mlenda wa karanga, wakala. Mimi nilipewa chakula kama wengine, na sikuchapwa, na hilo lilinitisha. Nilimchungulia nione hasira inakaa wapi, kama nilivyochungulia chini ya friji, nikaona uso uleule.

Baada ya kula, Mama Holo alinyoosha mkono. "Hebu lete."

Bibi akampa kiganja. Mama Holo akakishika, akakibana, akakiweka shavuni kwake. "Bado kina baridi," akasema. Halafu, bila kunitazama: "Na lilikuwa linawashiwa moto chini?"

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Mh."

Wiki iliyofuata alikuwa akiisimulia habari hiyo kisimani kama vile barafu aliibeba yeye. Kina mama wakaacha kuniita mwongo, kwa muda. Lakini msimu ule mzima, kila mnunuzi aliyefika kwa Bibi alitumbukiza mkono kwenye gunia lake mpaka kwapani, na yeye alisimama pembeni na kungoja wamalize. Habari za daftari husafiri. Shangazi naye alinilaza bila mto hadi Krismasi, lakini hiyo ilikuwa haki yake.

Sasa niwape siri yenyewe. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiisimulia habari hii bwenini kama kichekesho. Naigiza karani na jiwe lenye mvi, naigiza kicheko cha Mama Holo, na mwisho namwigiza bibi mmoja wa kijijini asiyeelewa anapotupiwa kamba. Watu wanashika mbavu. Mimi mwenyewe niliamini hivyo: kwamba Bibi hakuielewa ile lugha ya karani, kwamba alikuwa mzito kidogo, maskini, na neno moja tu lingemwokoa.

Mpaka siku ile kwenye maabara, kalamu ikiwa hewani. Niliona barafu ikila moto na kipimajoto kikisema sifuri, kimya kabisa, kama hakuna kinachotokea. Nikakumbuka uso niliouchungulia nikakosa kuona kitu. Kisha nikasikia "andikeni mia moja," nikatazama ule uzi wa zebaki, na sauti yangu ya miaka kumi ikanirudia: nilikuwa natania. Bibi alielewa kabla karani hajamaliza kusema. Jiwe lingeokoa pamba. Lakini mbele ya watu walewale aliowaambia kwamba nimesema kweli, lingenirudisha mimi kwenye uongo nilikotoka, safari hii kwa mdomo wake.

Nikaandika tisini na sita.

Daftari lilirudi na alama nyekundu, na mwalimu akaniita. "Maduhu, huu nao ni utani?"

"Hapana, mwalimu. Nilisoma tisini na sita."

"Kitabu kinasemaje?"

"Mia moja."

"Basi?"

"Kitabu hakikuwa na sisi, mwalimu."

Alinitazama kwa muda, anatafuta kicheko kimejificha wapi usoni mwangu. Hakukipata. Alama nyekundu hakuifuta, lakini niliona juzi amekichukua kile kipimajoto na kukipeleka ofisini kwake na sufuria ya maji. Mimi kwa upande wangu nimekuta kwenye kitabu kimoja cha zamani, kimeliwa na mende nusu, kwamba nchi iliyoinuka juu ya bahari maji yake huchemka kabla ya mia. Bariadi hii tunayosoma imeinuka, ingawa ukiitazama huwezi kudhani. Sijamwonyesha. Nangoja sufuria yake imwonyeshe.

Likizo nilikwenda kwa Bibi. Nilimkuta jikoni, amezeeka, bado anajipikia. Nikamsimulia habari ya maabara, bila kuigiza mtu yeyote.

"Ulikiona kwa macho yako?" akauliza.

"Nilikisoma mara tatu, Bibi."

"Basi."

Chungu kilikuwa kinatokota. Akavuta ukuni mmoja nje na kuuzimisha mavumbini, maana maji yakishachemka hayazidi kuchemka na kuni ni za kutafuta, kisha akachota unga akaanza kusonga.